Waya wa kwenda bandani

*Nyumba kubwa hukaguliwa kabla ya kuwashiwa umeme. Banda la nyuma huvutiwa waya baadaye, na hapo ndipo familia nyingi huacha mlango wazi kwa shoti na moto.*

Mita ya LUKU imefungwa, taa za sebuleni zinawaka, na fundi aliyefanya wayaringi ameshalipwa na kuondoka. Miezi michache inapita. Familia inanunua pikipiki, inajenga banda la kuilaza nyuma ya nyumba, kisha inaona si vibaya banda hilo nalo likiwa na taa. Kijana wa nyumbani anachomeka waya kwenye soketi ya sebuleni, anaupitisha dirishani, anaufunga kwenye mti wa kamba ya kuanikia nguo na kuuingiza bandani chini ya bati. Kazi inakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Katika kata ya Makere, wilayani Kasulu, mabanda ya aina hiyo hayakosekani. Eneo hili lipo kwenye njia iendayo Kibondo, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, na shughuli za usafiri na biashara ndogo ni nyingi. Banda la nyuma ndilo maegesho ya bodaboda, ndiyo stoo ya mahindi na maharage, ndilo chumba cha vifaranga na pengine karakana ya baba. Wenye gari hulaza gari humo. Kwa umeme, matumizi hayo yote yana jambo moja linalofanana: yanahitaji waya unaotoka nje ya nyumba, unaopita juani na kwenye mvua, na kuingia kwenye jengo lenye sakafu ya udongo au saruji yenye unyevu na mara nyingi kuta au paa la bati.

Waya huo ni kama mita 10 tu. Lakini ndizo mita zenye hatari kuliko zote katika boma.

Ukaguzi hupita kabla ya banda

Kwa miaka mingi Mkoa wa Kigoma ulikuwa nje ya gridi ya Taifa. Miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli, na vijijini wengi walitumia sola, vibatari na tochi. Mwaka 2022 umeme wa gridi ulifika Kibondo na Kasulu kupitia laini inayotokea Nyakanazi, na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ikaendelea kusogeza nguzo kwenye vitongoji. Gharama ya kuunganishwa vijijini iliwekwa kuwa shilingi 27,000, kiasi ambacho kaya nyingi zinaweza kukikusanya.

Kiasi hicho lakini ni cha kuunganishiwa umeme hadi kwenye mita. Wayaringi wa ndani ni mzigo wa mwenye nyumba. Kwa kawaida fundi mwenye leseni hufanya kazi hiyo, hujaza fomu na kuiwasilisha TANESCO, na shirika hujiridhisha kabla ya kuwasha. Ndiyo maana nyumba kubwa huwa na angalau jicho moja la kitaalamu lililoipitia.

Banda halipati bahati hiyo. Linajengwa baada ya mita kufungwa, na waya wake unavutwa na yeyote mwenye bisibisi na tepu nyeusi. Mara nyingine zinatumika nyaya nyembamba nyekundu na nyeusi zilizobaki kwenye mfumo wa zamani wa sola. Nyaya hizo zilibeba volti 12, nguvu ambayo mtu akiigusa kwa mkono mkavu hahisi kitu. Umeme wa TANESCO ni volti 230. Ni karibu mara 19 ya ule wa betri, na huo unaua.

Breka hulinda waya, haikulindi wewe

Kuna imani iliyoenea kwamba nyumba ikiwa na sakiti breka, basi mtu akipigwa shoti breka "itaruka" na kumwokoa. Ni vema jambo hili lieleweke vizuri, kwa kuwa maisha ya watu yapo ndani ya hesabu yake.

Breka ya kawaida ya soketi huandikwa namba kama 16, 20 au 32. Hizo ni ampea. Kazi yake ni kukata umeme pale waya unapobeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake au nyaya mbili zinapogusana, ili waya usichemke na kuwasha moto. Breka ya ampea 20 haitakata mpaka umeme uzidi kiasi hicho.

Sasa tazama mwili wa binadamu. Mtu mwenye ngozi iliyolowa, aliyesimama peku kwenye sakafu yenye unyevu, mwili wake unaweza kuwa na ukinzani wa takriban omu 1,000. Akigusa volti 230, umeme utakaopita mwilini ni kama ampea 0.23, yaani miliampea 230. Kwa breka ya ampea 20, hicho ni kiasi kidogo kuliko kinachotumiwa na pasi. Haioni tatizo lolote, na itaendelea kupeleka umeme.

Mwili unaona tofauti. Kwenye miliampea 1 hivi mtu huhisi kutekenywa. Kati ya 10 na 20 misuli ya mkono hukaza, na mtu hushindwa kuachia alichoshika hata akitaka. Hapo ndipo watu husema "umeme umemvuta", ingawa ukweli ni kwamba misuli yake mwenyewe imemfunga. Kuanzia miliampea 50 na kuendelea, umeme ukipita kifuani kwa muda unaotosha, moyo unaweza kuacha mapigo yake ya kawaida na kuanza kutetemeka bila kusukuma damu. Mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na asipopata msaada hufariki.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine. Kina umbo kama la breka, lakini ni kipana zaidi, na kimeandikwa herufi RCD au RCCB. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwenda kwenye kifaa na unaorudi. Vikiwa sawa, kinatulia. Umeme ukipungua njiani kwa sababu sehemu yake imepita kwa mtu au kwenye bati kuelekea ardhini, kinakata papo hapo. Kinachofaa kwa soketi za nyumbani huandikwa 30mA au 0.03A, na kinapaswa kukata kwa muda usiozidi sekunde 0.3. Mtu atashtuka, pengine ataanguka, lakini uwezekano wa moyo kusimama unapungua sana.

Kifaa hiki nacho kina mipaka. Mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na waya wa nyutro kwa mwingine, huku miguu yake ikiwa haigusani na ardhi, kifaa kitamwona kama taa tu na hakitakata. Ni kinga ya ziada. Hakichukui nafasi ya kazi iliyofanywa vizuri.

Eathi ya kiangazi

Mafundi huchimbia ardhini fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, na kuifunga waya wa kijani na njano. Hiyo ndiyo eathi. Wengi hudhani ikishachimbiwa kazi imekwisha, lakini udongo nao una tabia zake.

Udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri. Kiangazi kinapokolea, kuanzia Juni hadi mvua za mwaka mpya zinapoanza kurudi karibu na Oktoba, ardhi ya juu hukauka na ukinzani wa eathi hupanda. Chukua mfano wa fimbo yenye ukinzani wa omu 100. Waya wa moto ukigusa bati lililounganishwa na fimbo hiyo, umeme utakaokwenda ardhini ni ampea 2.3 tu, yaani 230 kugawanya kwa 100. Breka ya ampea 20 haitakata. Bati litaendelea kuwa na umeme usiku kucha, likimsubiri atakayekuja kufungua mlango asubuhi.

Kifaa cha 30mA kingekata mara moja, kwa sababu kwake ampea 2.3 ni uvujaji mkubwa. Kwa hiyo eathi na RCD hufanya kazi pamoja. Kuwa na kimoja bila kingine ni nusu ya kinga.

Bati, msumari na mvua

Ajali ya banda mara nyingi haianzii kwenye soketi. Huanzia pale waya unapopita.

Ukingo wa bati ni mkali kama kisu. Waya uliopitishwa chini yake husuguliwa kila upepo unapovuma na kila bati linapotanuka kwa jua na kusinyaa usiku. Baada ya miezi au mwaka, ngozi ya waya hukatika na shaba hugusa bati. Tangu dakika hiyo banda zima, kuanzia paa, kuta hadi mlango wa chuma, linaweza kuwa na umeme. Taa inaendelea kuwaka kama kawaida, kwa hiyo hakuna anayejua.

Msumari uliopigwa ili kubana waya hufanya hivyo hivyo kwa pigo moja. Kamba ya nguo ya chuma ni mtego mwingine. Ikifungwa kwenye mti unaobeba waya wa umeme, au ikifungwa kwenye boriti ya banda lenye hitilafu, huwa na umeme kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayeanika nguo mbichi, mara nyingi mama au binti, ana mikono iliyolowa na miguu kwenye nyasi zenye maji. Ni mazingira mabaya kuliko yote ambayo mwili unaweza kukutana na umeme ndani yake. Kamba ya nguo iwe ya katani au nailoni, na isikaribie kabisa njia ya waya.

Kisha kuna radi. Ukanda huu unaopakana na maziwa makuu hupata ngurumo nyingi. Kabare, karibu na Bukavu mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza kwa radi Afrika. Radi haihitaji kupiga nyumba ili ilete madhara. Ikipiga karibu na laini, nguvu yake husafiri kwenye waya hadi kwenye vifaa, na waya ulioning'inia kati ya nyumba na banda huongeza njia ya kuingilia. Ngurumo zikianza, chomoa redio, televisheni na chaja mapema, ondoka bandani, na usishike kitu chochote cha chuma kilichounganishwa na umeme mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Waya upite wapi

Njia bora ya kupeleka umeme bandani ni chini ya ardhi. Kebo inayofaa ni ile yenye deraya ya nyuzi za chuma chini ya ngozi yake ya nje, iliyotengenezwa kwa ajili ya kufukiwa. Mtaro uchimbwe angalau nusu mita, na uzidi hapo panapopita gari. Sababu ni jembe. Nyumba nyingi za Makere zina bustani ya mchicha au migomba kati ya nyumba na banda, na jembe la mkono huingia sentimita 20 hadi 30 bila shida. Kebo ilazwe juu ya mchanga, ifunikwe kwa mchanga, kisha juu yake iwekwe matofali au utepe wa tahadhari kabla ya kurudishia udongo. Atakayechimba miaka 10 ijayo, akikuta matofali yaliyopangwa mstari, atajua asimame na kuuliza.

Mwenye nyumba achore njia hiyo kwenye karatasi, aandike hatua kutoka ukutani, na karatasi aihifadhi pamoja na hati za nyumba.

Ikiwa waya lazima upite juu, ufungwe kwenye nguzo imara za kwake, siyo mti hai unaoyumba, na uwe juu kiasi kwamba mtu aliyebeba ngazi au mzigo wa kuni kichwani hawezi kuugusa. Gari likiwa linapita chini yake, urefu huo uongezeke. Waya wa kawaida mweupe wa ndani haukutengenezwa kwa jua. Ngozi yake hukauka na kupasuka.

Mwanzo wa waya ni muhimu kuliko mwisho wake. Usianzie kwenye soketi ya sebuleni. Uanzie kwenye boksi kuu la breka, ukiwa na breka yake peke yake na RCD ya 30mA, ili hata sehemu iliyofukiwa ilindwe. Na pale bandani pawe na swichi ya kukata umeme wote wa humo bila kulazimika kukimbilia nyumba kubwa.

Unene nao una hesabu yake. Kwa taa, waya wa milimita za mraba 1.5 hutosha na breka ya ampea 6 au 10. Kwa soketi za kawaida hutumika 2.5 na breka ya ampea 20, ambayo hubeba jumla ya wati 4,600. Banda likiwa mbali, au likitarajiwa kuwa na mashine ya kuchomelea au ya kusaga, fundi anapaswa kupiga hesabu upya na kuchagua waya mnene zaidi. Breka inayoruka mara kwa mara isibadilishwe kwa kubwa bila waya kubadilishwa. Kufanya hivyo ni kumfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele.

Kilichomo ndani ya banda

Banda la pikipiki lina petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kujikusanya chini, hasa kwenye banda lililofungwa madirisha. Cheche ndogo ya swichi au plagi iliyolegea inatosha kuuwasha. Soketi na swichi za banda ziwekwe juu, usawa wa kiuno au zaidi, na matundu ya hewa yawepo chini na juu ya ukuta. Petroli ya akiba kwenye chupa za maji isilale humo.

Banda la vifaranga lina maranda. Taa za kuwapa joto, ambazo nyingi ni za wati 250, huwa na joto kali, na ikiwa taa imening'inizwa kwa waya wake wenyewe, kifaranga mmoja akirukia au upepo ukivuma inaangukia maranda makavu. Taa ining'inizwe kwa mnyororo au waya wa chuma uliofungwa kwenye boriti, iwe na kikinga cha wavu, na holda iwe ya kauri kwa sababu ya plastiki huyeyuka.

Ekstensheni ni ya kazi ya muda. Ikitumika kila siku bandani, huku nusu ya waya wake ikiwa imeviringishwa, hupata joto pale ilipoviringishwa na inaweza kuyeyuka. Ikiwa na nyaya mbili tu bila ule wa eathi, kifaa cha chuma kilichochomekwa humo hakina kinga.

Na jenereta, kwa wale walio nazo, isiwashwe kabisa ndani ya banda au karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi, inayomlaza mtu usingizi asioamka. Vilevile isichomekwe kwenye soketi ya nyumba kwa waya wenye plagi mbili. Umeme wake hurudi kwenye laini ya TANESCO, hupandishwa na transfoma, na kumuua fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mafundi wa umeme wanapaswa kuwa na leseni ya EWURA, na leseni hizo zina madaraja yanayoonyesha ukubwa wa kazi ambayo mwenye nayo anaruhusiwa kufanya. Kuomba kuiona si kumvunjia fundi heshima. Kishoka atakasirika, fundi mwenye nayo ataitoa mfukoni.

Aliyebaki nyumbani siku ya kazi, awe mama, shangazi au kijana, anaweza kuuliza maswali haya bila kuwa na elimu ya umeme:

"Fundi, waya huu unaanzia kwenye boksi au kwenye soketi?" Jibu sahihi ni boksi.

"RCD ya banda ni ipi, na imeandikwa ngapi?" Aonyeshwe kwa kidole, na asome mwenyewe 30mA au 0.03A.

"Bati la banda na mlango wa chuma vimeungwa na eathi?" Viwe vimeungwa.

"Eathi umeipima kwa kipimo, na imesoma ngapi?" Fundi aliyepima atataja namba.

"Nyaya ulizotumia zina alama ya ubora ya TBS?" Mabaki ya waya na maboksi yake yabaki nyumbani ili yaonekane.

Mwisho, kabla fundi hajalipwa fedha iliyobaki, abonyeze kitufe cha majaribio cha RCD, ambacho kwa kawaida kimeandikwa herufi T. Umeme wa banda ukatike papo hapo. Usipokatika, kazi haijaisha.

Kitufe hicho kibonyezwe tena na wenye nyumba kila baada ya miezi mitatu. Siku hiyo hiyo baba au mama azunguke na kuangalia: ngozi ya waya iliyopasuka, soketi iliyoungua rangi, harufu ya plastiki iliyochomeka, taa inayopepesa. Yeyote anayehisi kutekenywa anapogusa bati, bomba au mlango asidharau. Azime umeme wa banda na kuita fundi siku hiyo hiyo.

Mtu akinaswa

Hatua ya kwanza ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa inapingana na upendo: usimshike. Anayemkimbilia mwanawe na kumkumbatia akiwa bado amenaswa hunaswa pamoja naye, na boma huzika watu wawili.

Kimbilia swichi kuu na uzime. Kama ni mbali au haijulikani ilipo, simama juu ya kitu kikavu, kama ubao au kiti cha plastiki, na umsukume atoke kwa mti mkavu au mpini wa ufagio. Usitumie chuma, wala kitu kilicholowa. Usimwagie maji. Kama ni waya wa laini ya TANESCO ulioanguka, usikaribie kabisa hata kwa mti. Weka watu mbali na upige TANESCO namba 180.

Umeme ukishakatika, mwite na umtikise bega. Asipoitika na asipopumua vizuri, mlaze chali kwenye sakafu ngumu, weka kiganja cha mkono mmoja katikati ya kifua, mwingine juu yake, na ubonyeze kwa nguvu na haraka: kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto, kina kiwe theluthi moja ya unene wa kifua chake. Aliyefundishwa ampulizie pumzi 2 baada ya kila mibonyezo 30. Ambaye hakufundishwa aendelee kubonyeza tu. Mwingine atafute usafiri. Usiache mpaka apumue au mhudumu wa afya achukue nafasi yako. Moyo uliosimamishwa na umeme mara nyingi ulikuwa mzima dakika moja kabla, kwa hiyo juhudi hii si bure.

Akiwa anapumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu. Akiwa ameanguka kutoka juu, mtikise kidogo iwezekanavyo, kwa kuwa shingo au mgongo unaweza kuwa umeumia.

Palipoungua pamwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, baada ya kuhakikisha umeme umezimwa, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta havisaidii. Huficha kidonda na kuleta uchafu. Maziwa nayo hayatoi umeme mwilini, na kumnywesha mtu asiye na fahamu kunaweza kumpalia.

Aliyepigwa shoti ya nguvu apelekwe kituo cha afya hata akisema yupo sawa. Alama ya kuungua juu ya ngozi inaweza kuwa ndogo kama punje ya mahindi huku misuli ya ndani ikiwa imeharibika zaidi. Mkojo wenye rangi ya chai nzito ni ishara kwamba mabaki ya misuli yanaelekea kuumiza figo. Mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida yanahitaji kipimo. Mama mjamzito anatakiwa kuchunguzwa pamoja na mtoto aliye tumboni, hata kama shoti ilikuwa ndogo.

Mtoto aliyetafuna waya na kuungua pembeni mwa mdomo ana hatari inayochelewa. Gamba la kidonda hicho linaweza kudondoka baada ya wiki moja au mbili na mshipa wa damu ukafunguka ghafla. Mzazi aelezwe mapema namna ya kubana mdomo kwa vidole viwili, ndani na nje, huku akimkimbiza mtoto kituoni.

Fedha isipotosha kwa mara moja

Si kila familia inaweza kumaliza yote kwa msimu mmoja wa maharage. Penye fedha kidogo, mpangilio wa ununuzi una maana. Cha kwanza kiwe RCD ya 30mA kwenye boksi kuu, kwa sababu inalinda nyumba nzima pamoja na banda. Cha pili ni eathi iliyopimwa. Cha tatu ni kebo ya kufukiwa na mtaro wake, kazi ambayo vijana wa nyumbani wanaweza kuchimba wenyewe kabla fundi hajafika, na hivyo kupunguza gharama ya kibarua.

Wakati hayo yanasubiriwa, banda linaweza kutumia taa ya sola ya volti ndogo. Waya wa dirishani uchomolewe leo. Na watoto waonyeshwe swichi kuu ilipo, wajue inazimwa kuelekea upande gani, kisha wajaribu kuizima wenyewe wakiwa na mtu mzima. Moto ukiwaka, wajue pia namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114.